Herufi Moja

Dukani kwa Damodari,
asubuhi, si kwa siri,
nilipeleka la shari
lesoni kulitilia.

Yule jirani Mwatumu
kaninyima hata ndimu;
nikaandika kwa hamu:
JIRANI WANGU TULIA.

Likenda Amdabadi,
mji wa nyuzi na jadi,
dohani zisoidadi
na ving'ora vikilia.

Fundi hasomi Kimvita;
hukata, hajui vita.
Herufi moja kapita,
E badala akatia.

Marobota yakishuka
Kilindini, yakinuka
rangi, Mwatumu kazika
mwana aliyesalia.

Damodari kwa aibu
kafunua taratibu
doti mia za hesabu:
JIRANI WANGU TULIE.

"Zirudishwe," alisema.
Nikamwambia, "Zi njema."
Nikatwaa doti nzima,
sindano sikuitia.

Hakusema hata neno;
katatua kwa mikono,
akanifunga kiuno,
chake akajitandia.

Na huko Amdabadi
dohani sasa baridi.
Fundi, u hai? Abadi
A sitairudishia.