Mtaka cha Mvunguni

Wahenga walisema sharti ainame.
Hawakusema ainame vipi.
Mimi niliinama vibaya miaka kumi na mmoja
nikipakia saruji Tororo, kilo hamsini, kilo hamsini,
hadi asubuhi moja nilipoinamia kiatu
nikabaki hapohapo,
kisu cha kukunja kilichoshika kutu.

Nyuma ya gereji ya Yokosofati
chuma chetu ni ekseli ya lori lililokufa njia ya Malaba.
Vyuma vya pembeni ni gia, na breki za treni,
na kimoja ni mfuniko wa shimo
ambao hatuulizi ulitoka wapi.
Kioo hakuna. Kuna ukuta,
na juu ya ukuta, mwamba wa Tororo unachungulia.

"Huu ni uzito mfu," aliniambia.
"Haudundi. Hauna hamu ya kwenda juu.
Mwenye hamu ni wewe peke yako."
Akaniwekea mpini wa ufagio mgongoni:
uguse kisogo, uguse mabega, uguse kifandugu.
"Ukiachana na mahali pamoja tu, anza upya.
Sukuma makalio nyuma
kama mtu anayefunga mlango
mikono imejaa masufuria."

Wiki tatu nilibeba ufagio.
Wapakiaji wenzangu walipita wakacheka:
Obbo kaajiriwa kufagia hewa!

Kisha ekseli.
Ilipanda ikinikwangua ugoko,
nyayo zikiisukuma Uganda yote chini,
na mgongo, mgongo wangu ule mlalamishi,
ulikaa kimya tu
kama mtu anayeshika tochi wenzake wakichimba.

Adikini muuza samaki ana mikono mifupi
na mapaja kama mitungi.
Mtindo wangu ulimkataa, mara nne, mbele ya watu.
Yokosofati akamwambia apanue miguu, vidole vitazame nje,
asimame kama anayemzuia kuku asitoke mlangoni.
Chuma kikapaa.
Adikini akakiangalia kwa hasira:
siku zote hizi, nguvu alikuwa nazo.

Ile ya kushuka polepole, magoti yamelegea kidogo,
chuma hakifiki chini,
misuli ya nyuma ya mapaja ikivutika
kama kamba ya mbuzi aliyeona maganda ya ndizi,
wanaiita ya Kirumania.
Sijawahi kumwona Mrumania.
Nimemwona bibi yangu Nyafwono akipalilia wimbi Nagongera
toka umande hadi jua la utosi,
miguu imesimama, mgongo bapa kama ubao.
Hakudai jina.

Kiuno kikinung'unika, kuna siku hizo,
nasimama katikati ya madumu mawili ya mchanga.
Mzigo ukikaa ubavuni badala ya mbele
mgongo unapumua.
Na nikitaka kuadhibiwa napanda juu ya matofali,
chuma kiwe mbali zaidi, chini zaidi,
mwanzo uwe mrefu.

Ya mguu mmoja siipendi. Inafichua.
Kumbe mguu wangu wa kushoto ni mgeni
wa miaka thelathini na nne:
anakula, analala, mwenzake analima.
Nimempa jembe.
Anatetemeka nalo kila Alhamisi.

Jana nilivuta mia na arobaini.
Yokosofati alisema "hm", akaendelea kutafuta spana.

Lakini hii ya leo asubuhi sijamwambia mtu.
Binti yangu alikuwa amekirusha kiatu mvunguni,
mbali, karibu na ukuta, penye utando wa buibui.
Nilisimama nikakitazama muda mrefu.
Nikafunga mlango kwa makalio.
Nikanyoosha mkono.
Nikasimama nacho.

Halafu nikakaa kitandani na viatu vyote viwili,
nikavigeuza:
cha kulia soli imelika hadi kwenye uzi,
cha kushoto bado kina maandishi ya dukani.