Funguo za Bibi Oxtoby

Ukumbi wa kanisa hapa Hull tunaazimwa
Jumapili, saa nane hadi saa kumi na nusu,
na funguo zake hukaa shingoni mwa Bibi Muriel Oxtoby
kwenye utepe wa bluu uliochakaa.
Hutuhesabia dakika. Huhesabu vikombe.
Hunusa mapazia kama askari wa forodha:
"Mmepika tena kile kitu chenye viungo."
Kile kitu ni pilau, Bibi.
Siku ya Pentekoste ulikula sahani mbili.

Nina daftari. Mungu anajua ninalo.
Nilisikia mahubiri ya saba mara sabini, nikapiga hesabu,
nikaona mia nne na tisini si nyingi kwa mtu kama yeye.
Nikaanza kuandika.
La kumi na mbili: alizima hita katikati ya sala,
Februari, theluji ikichungulia mlangoni.
La arobaini: alimwita Mzee Balthazari "kijana."
La arobaini na moja: alimwita tena.

Nimemwombea pia, msidhani.
Kwanza niliomba aondolewe.
Nikaona haya, nikarekebisha: aondolewe kwa heri,
apate mjukuu Australia wa kumlea.
Mbingu zikanyamaza kama ofisi ya uhamiaji.

Halafu ile Jumapili ya Novemba
Tumsifu akaangusha ngoma, ikabingirika hadi miguuni pake,
naye akasema mtoto huyu hakulelewa.
Nikatua sufuria.
Kwa Kiingereza changu nilichokiokota kwenye dobi la hospitali
nikamwambia: "Mimi nisemee utakavyo. Mtoto, hapana."
Sikupaza sauti. Magoti ndiyo yaliyotetemeka.
Nimefundishwa upole tangu shule ya Jumapili,
lakini hakuna aliyenifundisha kwamba upole si dekio,
kwamba mtu mpole anaweza kusimama mlangoni
asipishe.
Bibi Oxtoby akachezea funguo zake.
Radhi hakuomba. Msingoje hilo katika shairi hili.

Nikawa narudi nyumbani kifua mbele,
Tumsifu kando yangu garini, anacheka dirishani.
"Shangazi, uliposema vile ulifanana naye kabisa."
"Naye nani?"
"Bibi. Sisi kwaya tunakuita Oxtoby Mdogo.
Unaandika wanaochelewa. Unakagua sketi zetu mlangoni.
Mwaka jana ulimliza Eliakunda kwa sababu ya noti moja."
Ile boriti niliyozoea kuiona machoni pa watu
ilinigonga paji la uso kwenye taa za Anlaby Road,
zikawa kijani, nikapigiwa honi, nikabaki palepale.

Daftari sikulichoma. Nililinunua pauni moja na nusu.
Nililigeuza, nikaanza kuandika kwa nyuma
yale niliyosamehewa bila kuambiwa.
Eliakunda. Kisha mama yake. Kisha dada yangu Moshi,
simu ambazo sikuzipokea.
Wino uliisha kabla sijafika Pasaka ya mwaka juzi.

Leo saa kumi na nusu yuko mlangoni, utepe shingoni,
anahesabu vikombe kwa kidole.
Ishirini na tatu. Anarudia. Ishirini na tatu.
Nakijua kilipo cha ishirini na nne:
ndani ya mkoba wangu, kimefungwa gazetini, vipande vitano.
Ningeweza kuondoka nacho.
Nikakifungua juu ya meza. "Ni mimi."
Akavitazama vile vipande, akanitazama mimi,
kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kunitazama.
"Hicho kilikuwa na ufa tangu zamani," akasema,
akavikusanya kwenye kiganja chake, taratibu, asijikate.

Kisha akainua macho kwenye saa ya ukutani.
"Mmezidisha dakika nne."

Nne, Bibi.
Kweli, ni nne.