Dirisha la Nabugoye

Bodaboda ilinishusha pale njia ilipokata tamaa.
"Juu huko nenda kwa miguu, mama," alisema kijana,
"Ijumaa jioni wanataka kimya chao."
Nikamlipa, nikapandisha.
Udongo mwekundu ulining'ang'ania viatu
kama mtoto anayetaka kubebwa.

Mbale ilibaki chini, mabati yaking'aa,
mashine za kusaga zikikohoa unga,
na nyuma ya mji Wanale,
jabali lililojifunga maporomoko kiunoni.
Nilikuwa na bahasha mkobani,
na ndani ya bahasha kipande cha mshumaa
kifupi kuliko kidole gumba.

Nyanya yangu Namono alizaliwa kilima hiki.
Aliolewa Tororo, kwa mpiga nyundo wa reli,
na kila Ijumaa, jua likielekea kushuka,
alifunga dirisha la chumbani,
akaziba nyufa kwa gunia,
akawasha kitu kidogo ndani ya sufuria.
Tukiuliza, jibu lilikuwa lile lile:
"Taa inaogopa upepo."
Hata siku ambazo jani la mgomba halitikisiki,
taa ya nyanya iliogopa upepo.
Tulicheka. Watoto hucheka wasichokijua.
Hatukujua kwamba upepo ule ulivaa buti,
kwamba ulitangazwa redioni,
kwamba ulikuwa na orodha.

Nilitarajia mnara, sijui kwa nini.
Nikakuta nyumba ya matofali, nyasi zimekatwa karibuni,
kahawa imeanikwa kwenye mkeka,
kuku mmoja akiifanyia ukaguzi,
na mwanamume anafagia ua mbiombio
kama anayeshindana na jua kwa pesa.
Wasichana walipita na madumu ya maji,
wakanisalimu kwa Kimasaba, kisha kwa Kiswahili,
kisha kwa neno moja la mbali, *Shabati*,
walilolitamka kama jina la shangazi anayekuja kulala.

Mama mmoja akatoka jikoni, Debora Nabifo,
mikono ina harufu ya malewa na karanga.
"Unamtafuta nani?"
"Namtafuta mtu aliyekwisha kufa."
"Basi nawa kwanza," alisema,
"chakula hakimsubiri marehemu."

Nikamwonyesha bahasha.
Hakuuliza mengi. Alikitazama kile kipande,
akakinusa, akakisimamisha kwenye kifuniko cha chupa
kando ya mishumaa yao miwili mirefu,
akanipa kiberiti.
Na mimi, kabla ya njiti kugusa utambi,
nilijikuta nimefika dirishani,
navuta mbao, natafuta gunia.

Chumba kizima kilinyamaza.
Debora akaniondoa mkono pole pole.
"Hapa," alisema, "tunaliacha wazi."

Basi upepo ukaingia.
Ulikuwa upepo tu, umetoka mlimani,
una ubaridi wa mvua ya jana.
Mishumaa mirefu ikainama, ikanyooka.
Wa nyanya ukazimika.
Niliona aibu, kana kwamba nimemwangusha yeye mwenyewe.
Debora akauwasha tena kwa njiti ya pili, bila neno,
jinsi mtu anavyomfunika mtoto
aliyejifunua usingizini.

Kisha wakaimba. Sikujua maneno.
Chini mjini mwadhini aliita,
kengele ya kilima kingine ikagonga mara chache,
vyura wakawa na yao ya kusema,
wala hakuna aliyemkatiza mwenzake.
Simu yangu ilikuwa imezimwa ndani ya kiatu mlangoni.
Nilikula malewa mpaka nikaona haya.

Kile kipande kiliwaka hadi mwisho wake,
kikaacha doa jeusi kwenye kifuniko.
Nimeomba nikichukue. Wamecheka, wamenipa.

Jumapili nitashuka.
Dirisha la Tororo lipo mpaka leo,
chumba kile tumekifanya stoo ya mahindi.
Bawaba zimeshika kutu, hazikubali mkono mtupu.
Nitapitia sokoni Mbale
ninunue mafuta, ya elfu mbili yanatosha.