Wino wa Kidole

Alfajiri nilipanga foleni kwenye uwanja wa shule,
kitambulisho mfukoni, nyundo nimemwachia Ndikumana.
Yeye hana foleni. Ana kibali kilichochakaa mikunjoni
na siku kumi na nne za kukitumia.

Mama mmoja mbele yangu alisema,
"Mipaka ikifunguliwa, ujira utashuka."
Kijana wa nyuma akamjibu, "Kwani ulipanda lini?"
Tukacheka, hata askari.

Ndani, karatasi. Daraja ni Ndiyo, kufuli ni Hapana.
Swali refu, limejaa mikato,
na katikati yake neno *jirani*,
ambalo sisi wa Kamukunji hatumpi mtu wa mbali:
jirani ni anayeomba makaa, kisha msumari,
kisha harudishi.

Nikamkumbuka dada yangu Moraa kule Mwanza,
jikoni mwa hoteli,
anavyojifungia chooni wakija wakaguzi.
Nikakumbuka pia masanduku mia mbili ya wanafunzi,
kazi iliyotuponyoka mwezi wa Mei
ikaenda kwa waliokubali nusu ya bei.
Kalamu ilifungwa kwa uzi mfupi.
Nilisimama hadi karani akakohoa.

Niliporudi, karakana nzima ilikuwa ikigonga bati
kwa bidii isiyo ya kila siku.
Ndikumana akakitazama kidole changu.
Hakuuliza.
"Shika upande huo," akasema, "linapinda."
Nikashika.

Usiku: mafuta ya taa, sabuni ya mche, kipande cha jiwe.
Ngozi ndiyo iliyobanduka.