Vituo vya Kumi na Saba

Hatukumpa jina. Daktari Rukia alisema
ukimpa mnyama jina, utamlilia.
Tukamwita Kumi na Saba,
tukamvisha ukosi wenye kidude
kizito kama sarafu tatu,
naye akaning'ata kidole juu ya glavu,
ananuka fenesi na mkojo,
akaenda zake.

Kazi yangu mie ni kungoja nukta.
Kila dakika ishirini, nukta moja
kwenye ramani, kwenye kompyuta
niliyoiweka juu ya cherehani ya mama.

Nikidhani nakijua kisiwa changu.
Nakijua kwa barabara: Chake, Wete, Konde,
wapi pana shimo, wapi pana askari.
Kumi na Saba anakijua kwa harufu.

Magharibi imeshaswaliwa: nukta, Kidike.
Saa mbili, juu ya mikandaa ya Mtambwe.
Saa nne, Ngezi, ndani ya msitu,
kama tulivyoandika kwenye makaratasi ya ruhusa.
Kisha saa saba, na hapa Daktari akavua miwani,
nukta tatu, nne, sita
pahala ambapo ramani haina kijani:
Shumba, nyuma ya skuli,
mivule minne juu ya makaburi.

Ya nani?
Ya kwetu. Ya shemegi yangu, Faki Asaa,
aliyekwishapatana bei na mwenye msumeno.

Usiku wa pili, palepale.
Wa tisa, palepale, na mvua inanyesha.

Tukaitana kwa sheha.
"Msitu una bikoni," akasema sheha,
"nje ya bikoni ni mali ya watu."
Hilo kweli. Ila popo hasomi bikoni.
Faki akasimama: "Anakula embe zangu,
nanyi mwamtia saa shingoni.
Mie hapa saa sina!"
Watu wakacheka, hata mie.

Daktari akakunjua karatasi mezani.
Faki akainama, akaitafuta nyumba yake,
akaipata, akafuata njia kwa ukucha
hadi kwenye zile nukta.
"Hapa kazikwa mama."

Hapana aliyekohoa.

"Afanya nini hapa kila siku?"
"Anapumzika. Anakula. Anakunya."
"Anakunya juu ya mama?"
"Mivule, Faki. Anakunya mivule."

Akaeleza, polepole, kwa mikono:
mti hauna miguu,
mbegu ya mvule ni chembe tu,
ikianguka chini ya mamaye hufa kwa kivuli,
mpaka itokee tumbo lenye mbawa
liichukue Ngezi, liiangushe Micheweni,
liiangushe pahala ambapo wewe wala mie
hatujafikiria kupanda kitu.
Tukiulinda msitu peke yake, akasema,
tumelinda chumba, tumeuza mlango.

Faki hakusema ndiyo.
Alisema: "Miwili nimeshaikata."

Na kweli, usiku ule
nilihesabu vituo vya Shumba: kimoja.
Usiku wa kumi na nne: hapana.
Wa kumi na tano akarudi,
nukta mbili, zimebanana
kwenye ile miwili iliyobaki.
Mama akaniuliza mbona nalia.
Nikamwambia macho, hii taa ya kompyuta.

Siku ya arubaini na moja ukosi ukakatika,
ndivyo ulivyoshonwa, ukatike.
Tuliuokota chini ya mfenesi, Kinyasini,
umetafunwa na panya.
Alipo sasa sipajui.
Daktari yuko Unguja, anachora mstari mpana
kutoka Ngezi hadi Kidike,
na kila shamba ndani ya mstari lina mwenyewe,
na kila mwenyewe ana deni.

Jana Faki kanipigia simu.
Ukuta wa choo chake una ufa,
na ndani ya ufa mna mche, majani mawili,
kingo zake kama meno ya msumeno.
"Ndio wenyewe?"
Sijui. Nimepiga picha, nimeituma.
Jibu halijaja.

Faki keshauvika ndoo iliyotobolewa,
mbuzi wasiufikie.
Choo chenyewe, asema, hakibomoi kwanza.