Faili Jekundu

Saa tisa za usiku mashine ikaanza kulia.
Kipimo cha tope kilipanda kama homa ya mtoto,
na nje mvua ya siku ya tano ikasomba samadi
kutoka mashamba ya kina MacLellan hadi ziwani
bila kupiga hodi.

Nikafunga bomba kuu. Mkono ulijua kabla yangu.
Ni mkono wa kila Aprili, siku ya mazoezi,
Delphine Comeau ameshika saa ya kupimia mbio,
sisi tunacheka, midomo imejaa maandazi.
"Rudia," husema. "Umechelewa. Umeshaua wawili."

Amestaafu sasa, yuko Halifax kwa binti yake.
Ametuachia faili jekundu, madoa ya kahawa,
mwandiko uliolalia ubavu.
Ukurasa wa kwanza: Usiamini macho.
Maji yang'aayo hayajaapa kuwa safi.
Wa pili: klorini, chupa za sampuli,
nani aamshwe, nani aachwe alale mpaka una hakika.
Wa tatu ni majina.

Majina tu, na mwanya wa kuandika mengine.
Zwicker, figo, mashine iko nyumbani: mpigie kabla ya meya.
Mwoka mikate hukanda saa kumi, mwahi.
Shuleni funika mabomba kwa mifuko,
watoto hawasomi matangazo.
Eulalie Thibodeau: hasikii simu.
Bisha dirisha la jikoni, si mlango. Mbwa anauma.

Nikapiga. Sauti za usingizi, moja baada ya moja.
Chemsha. Yatokote dakika nzima.
Ndiyo, hata ya mswaki.
Ndiyo, hata ya paka.
Zwicker hakuuliza kitu. Alisema, "Asante," akakata,
nikabaki na simu sikioni.

Alasdair alipopokea zamu, kulishakucha.
Nikasimama kwenye dirisha la Eulalie, mvua shingoni,
nikichora hewani kwa vidole: birika, moto, subiri.
Alinitazama muda mrefu.
Kisha akafungua kioo, akanyoosha mkono:
glasi ya maji, imejaa hadi ukingoni.
"Umelowa, mwanangu," akasema, "na bado una kiu."

Iling'aa. Wallahi iling'aa.

Nikaimwaga kwenye majani mbele ya macho yake,
na hapo ndipo alipoelewa.

Siku ya tisa maabara ilileta majibu ya pili, safi.
Nikafungua ukurasa wa tatu,
nikachonga penseli, nikaandika kando ya jina lake:
Mbwa alikufa Machi.
Tumia mlango.