Picha Kumi na Moja

Nyumba tuliyokodi Kasenda ina bati jekundu
na mlango unaotii goti tu, si mkono.
Ufunguo umefungwa kwenye gunzi la mahindi.
"Usipotee," alisema Kabasinguzi, mtunzaji,
"wageni wa Pasaka waliondoka nao hadi Mbarara."

Kisha akamuuliza mume wangu empaako yake.
Hana. Wedunga ni wa Busia, na kwao
jina la babu linatosha kuitia chakula.
Hapa halitoshi hata kwa salamu.
Akampima kutoka viatuni hadi kofiani:
"Araali."
Mimi akaniita Abwooli, akacheka,
na sababu akaondoka nayo jikoni.

Daktari alisema apumzike. Hakusema wapi.
Mtu aliyepima ardhi za watu miaka thelathini,
presha ikampima yeye.

Siku ya kwanza, mvua.
Mvua juu ya bati, mazungumzo hayawezekani,
tukashukuru kidogo.
Tulicheza omweso kwa kete za mbegu;
akanila mara nne bila huruma,
nikamwona anatabasamu kwa siri,
kama mtoto aliyeficha sukari shavuni.

Siku ya pili tukapanda kilima.
Businge alitangulia, mabuti ya mpira, panga begani,
akitufungulia njia kati ya migomba na chai,
halafu nyasi zinazokata vifundo vya miguu.
"Juu kule mtaona maziwa matatu kwa mkupuo."
Tulipumzika mara sita. Nilihesabu mimi,
kwa kuwa Wedunga alikataa kwamba tunapumzika:
alikuwa, ati, anasoma mteremko.

Juu kule, ukungu.
Mweupe, mzito, umekaa kama mwenye nyumba.
Businge hakutetereka. Akanyoosha panga:
"Pale, lile la kijani.
Pale, jeusi, wazee hawalijui kina.
Na lile la mwisho, pembeni, lina umbo la figo."
Wedunga akatoa simu
akapiga picha kila panga lilipoelekea.
Kumi na moja. Zote nyeupe.

Kushuka, udongo ulikuwa sabuni.
Akanishika mkono, akausahau mkononi mwake
hadi getini, hadi mlangoni,
hadi goti lake lilipogonga mbao.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Jembe hakupewa, aliliomba.
Akapalilia maharage ya Kabasinguzi, tuta moja tu,
lililonyooka kama mpaka wa shamba lenye kesi,
huku mimi nikishuka ziwani.
Maji yalikuwa baridi juu, na chini yake baridi nyingine,
ya zamani zaidi.
Nikaogelea na leso kiunoni.
Mbega wekundu walikaa matawini, mikia ikining'inia,
wakinitazama kama mashemeji wasio na la kusema.

Sasa tuko Busia, malori yanaunguruma foleni.
Dawa anameza, chumvi anaiba.
Jirani akija, Wedunga hufungua simu:
weupe, weupe, weupe.
"Hili la kijani," anasema, kidole kikitembea juu ya kioo,
"hili jeusi, halina kina.
Na hili, tazama vizuri, lina umbo la figo."
Jirani anainamisha kichwa, anasogeza miwani.
Anasema analiona.

Nami nikiwa jikoni, namwita: Araali, chai!
Anageuka.